Milinganyo ya hali imekataa: kutafuta kosa katika saketi yenye vitanzi vingi

Anayekwama kwenye milinganyo ya hali, yaani ile inayosema mikondo ya indakta na volteji za kapasita zinabadilikaje kwa wakati, kwa kawaida hurudi kukagua aljebra mstari kwa mstari. Ni kazi ya kuchosha, na mara nyingi kosa haliko huko. Liko kwenye mchoro: mshale uliochorwa upande mmoja ukasomwa upande mwingine, kigeu kilichochaguliwa vibaya, kapasita iliyohesabiwa kama iko huru kumbe imefungwa na wenzake. Kwa hiyo tutaanza na dalili, yaani kile unachokiona kwenye karatasi au kwenye skrini, halafu turudi nyuma hadi kwenye sababu.

Saketi ya mfano

Chanzo cha volteji u kinafuatana na rezista R1 na indakta L1 hadi nodi ya juu. Kati ya nodi hiyo na waya wa chini kuna kapasita C. Kutoka nodi hiyohiyo linaondoka tawi lenye indakta L2 na rezista R2, nalo linarudi kwenye waya wa chini. Vitanzi viwili, vihifadhi nishati vitatu.

Vigeu vya hali ni vile vinavyobeba kumbukumbu ya saketi: mkondo wa kila indakta na volteji ya kila kapasita. Hapa i1 ni mkondo wa L1 ukiingia nodi ya juu, i2 ni mkondo wa L2 ukitoka kwenye nodi hiyo, na v ni volteji ya C, upande wa juu ukiwa chanya. Alama ′ inasimama badala ya kasi ya badiliko kwa wakati, yaani derivativu.

L1·i1′ = u − R1·i1 − v
L2·i2′ = v − R2·i2
C·v′ = i1 − i2

Tuweke R1 = 2 Ω, L1 = 1 H, C = 0.5 F, R2 = 4 Ω na L2 = 2 H. Ni namba za darasani, hakuna atakayeuza kapasita ya namna hiyo kwa saketi ya redio, lakini zinafanya hesabu iwe safi:

i1′ = −2i1 − v + u
i2′ = −2i2 + 0.5v
v′ = 2i1 − 2i2

Mistari ya matriksi A, yaani namba zinazozidisha i1, i2 na v kwa mpangilio huo, ni (−2, 0, −1), (0, −2, 0.5) na (2, −2, 0). Ditaminanti ya sI − A (I ni matriksi yenye 1 kwenye mshazari na 0 kwingine) ni (s + 2)(s² + 2s + 3), na mizizi yake, yaani thamani za s zinazoifanya sifuri, ni −2 na −1 ± j√2, ambapo j² = −1. Sehemu halisi ya kila mzizi ni hasi, kama inavyotakiwa kwa saketi hii ambayo rezista zake zinakula nishati.

Dalili: u′ imejitokeza kwenye milinganyo

Sababu ya kwanza ni mazoea ya mikondo ya vitanzi, yaani kukipa kila kitanzi mkondo mmoja unaokizunguka. Ukiandika kitanzi cha kwanza kwa mikondo ya vitanzi peke yake, volteji ya kapasita inakuwa intigrali ya (i1 − i2) gawanya kwa C. Intigrali inaudhi, kwa hiyo unatafuta kasi ya badiliko ya pande zote mbili ili uiondoe. Papo hapo u inageuka u′, na i1 inapata i1″. Hujakosea hesabu, ila umeitupa v, ambayo ndiyo kigeu ulichokihitaji. Irudishe: kila intigrali ya mkondo wa kapasita ipe jina v, halafu mlinganyo wa kapasita uandike peke yake.

Mtego wa jirani yake ni indakta iliyokaa kwenye tawi linalotumiwa na vitanzi viwili. Mkondo wake si wa kitanzi hiki wala cha pili, ni tofauti ya mikondo hiyo miwili. Kigeu cha hali ni mkondo wa indakta yenyewe, kwenye tawi lake. Ndiyo maana napendelea kuweka mishale kwenye matawi na kuiacha mikondo ya vitanzi kwa ajili ya saketi za rezista.

Sababu ya pili ni ya kweli, yaani u′ ina haki ya kuwepo. Chanzo cha volteji kikifunga kitanzi na kapasita tupu, bila rezista wala indakta njiani, volteji ya kapasita moja inaamuliwa na chanzo pamoja na kapasita nyingine, na mkondo wake lazima ufuate kasi ya badiliko ya u. Hapo una njia mbili. Ama ongeza rezista ndogo ya ndani ya chanzo, ambayo kwenye chanzo halisi ipo hata kama mchoro umeisahau, ama ukubali u′ na upunguze kigeu kimoja.

Dalili: milinganyo na vigeu havilingani kwa idadi, au kuna derivativu mbili kwenye mstari mmoja

Kanuni ya kuhesabu: chukua idadi ya indakta na kapasita zote. Toa moja kwa kila kitanzi huru cha kapasita tupu, au cha kapasita na vyanzo vya volteji. Toa nyingine kwa kila mkato huru wa indakta tupu, au wa indakta na vyanzo vya mkondo. Mkato ni kundi la matawi ambayo ukiyakata yote, saketi inagawanyika vipande viwili. Kinachobaki ndiyo idadi ya vigeu vya hali.

Kapasita tatu zilizofungwa pembetatu zinatoa hali mbili tu, kwa kuwa v1 = v2 + v3 muda wote. Indakta tatu zinazokutana kwenye nodi moja, bila kitu kingine pale, nazo zinatoa mbili, kwa kuwa mikondo yao inajumlishwa kuwa sifuri. Kwa saketi ndogo utaziona kwa macho. Kwa saketi kubwa chora mti, yaani matawi yanayounganisha nodi zote bila kufunga kitanzi: anza na vyanzo vya volteji, kisha ingiza kapasita nyingi iwezekanavyo bila kufunga kitanzi, kisha rezista, na indakta mwisho kabisa, pale tu zinapohitajika ili kufikia nodi zilizobaki. Kapasita iliyokosa nafasi kwenye mti si huru. Indakta iliyolazimika kuingia kwenye mti si huru pia.

Hebu tuone mfano. Kwenye saketi yetu ondoa C na uweke L3 mahali pake. Sasa mkondo wa L3 ni i1 − i2, hauna uhuru wowote. Volteji ya nodi ya juu ni L3·(i1′ − i2′). Ukiiweka kwenye vitanzi vyote viwili unapata:

(L1 + L3)·i1′ − L3·i2′ = u − R1·i1
−L3·i1′ + (L2 + L3)·i2′ = −R2·i2

Wengi wakiona derivativu mbili kwenye mstari mmoja hudhani wamepotea. Hawajapotea. Hii ni M·x′ = …, x ikiwa orodha ya vigeu vya hali, na kilichobaki ni kugeuza matriksi M yenye safu mbili. Ditaminanti yake ni L1L2 + L1L3 + L2L3, ambayo haiwezi kuwa sifuri indakta zikiwa za kawaida. Utaratibu ni huohuo indakta zinapoathiriana kwa sumaku kama kwenye transfoma. Ila muunganiko wa sumaku ukiwa kamili, ditaminanti inakuwa sifuri, ishara kwamba hali moja imepotea.

Kinyume chake kinachanganya zaidi: kitanzi cha indakta tupu, au mkato wa kapasita tupu, haupunguzi idadi. Unaleta mzizi wa sifuri. Mkondo unaweza kuzunguka kwenye kitanzi cha indakta milele, na chaji inaweza kunaswa kwenye nodi inayofikiwa na kapasita peke yake. Ukiona mzizi wa sifuri, tafuta kwanza vitu hivyo viwili kwenye mchoro kabla hujailaumu kalamu yako.

Dalili: mkondo wa rezista au volteji ya nodi hautaki kuondoka

Unafika mahali una vigeu vya hali, ingizo (hapa u), na herufi moja ya ziada ambayo si ya kundi lolote. Hii inatokea pale nodi inapozungukwa na rezista bila kapasita ya kuishika.

Chukua saketi nyingine: u inapita R1 hadi nodi N. Kutoka N kuna indakta L hadi waya wa chini, na kuna R2 inayofuatana na kapasita C hadi waya wa chini. Vigeu ni mkondo i wa indakta na volteji v ya kapasita. Volteji ya N haijulikani, na L·i′ = vN haisaidii mpaka uiondoe.

Dawa yake ni mbinu moja ninayoipenda kuliko zote kwenye kazi hii. Kwa dakika chache jifanye kapasita ni chanzo cha volteji v, na indakta ni chanzo cha mkondo i. Saketi yote inabaki ya rezista na vyanzo. Itatue kwa njia yoyote uliyozoea, hata kwa kuwasha chanzo kimoja kimoja na kujumlisha. Hapa nodi N inatoa:

(u − vN)/R1 = (vN − v)/R2 + i

vN = (R2·u + R1·v − R1R2·i)/(R1 + R2)

Kisha:

L·i′ = (R2·u + R1·v − R1R2·i)/(R1 + R2)
C·v′ = (u − v − R1·i)/(R1 + R2)

Kigeu cha ziada kimeondoka. Njia hii inagoma pale tu vyanzo bandia vinapopingana, yaani kapasita zikifunga kitanzi au indakta zikifanya mkato. Kugoma kwenyewe ni jibu: rudi kwenye dalili iliyotangulia.

Kwenye saketi yenye vyanzo tegemezi, yaani vyanzo ambavyo thamani yake inafuata volteji au mkondo wa mahali pengine kwenye saketi, kile cha kugawia kinaweza kuwa kitu kama 1 − k. Thamani ya k ikifika 1 milinganyo inavunjika. Hilo si kosa la kuandika, ni saketi ambayo mchoro wake wa nadharia hauna jibu moja.

Dalili: tokeo langu linaanza sifuri, la programu ya kuiga linaruka mara moja

Umesahau D, yaani sehemu ya tokeo (kile unachokipima) inayotoka kwenye ingizo bila kupitia vigeu vya hali. Kwenye saketi ya juu, tokeo likiwa vN, ile sehemu ya R2·u/(R1 + R2) inatoka kwenye ingizo moja kwa moja bila kupitia kigeu chochote. Ingizo likiruka, vN inaruka nalo. Mkondo wa indakta na volteji ya kapasita haviruki kwa ingizo lenye kikomo, lakini volteji ya indakta, mkondo wa kapasita na chochote cha rezista vinaweza kuruka.

Dalili: mkondo unakua bila kikomo kwenye kompyuta

Saketi ya rezista, indakta na kapasita, bila chanzo tegemezi, haiwezi kulipuka hivyo kwa ingizo la kawaida. Tafuta mizizi ya A kwanza. Hiyo itakuambia kama kosa ni lako au la hatua ya wakati.

Mizizi ikiwa na namba chanya, kuna ishara iliyogeuka. Kwenye mfano wetu mtu akiandika +v badala ya −v kwenye mstari wa kwanza, ditaminanti inakuwa (s + 2)(s² + 2s − 1), na mzizi mmoja unakuwa karibu +0.41. Kosa la namna hii lina heri, linapiga kelele.

Mizizi ikiwa salama na bado mchoro unalipuka, punguza hatua. Njia ya Euler ya kusonga mbele, ambayo kila hatua ya wakati inajumlisha kasi ya sasa mara urefu wa hatua, ina kikomo: kwa mizizi −1 ± j√2, hatua lazima iwe chini ya 2/3 ya sekunde, na kwa mzizi wa −2 iwe chini ya sekunde 1. Kinachoshinda ni kile kidogo zaidi. Kwa rezista ya 1 kΩ na kapasita ya 1 µF, mzizi ni −1000, na hatua isizidi milisekunde 2, hata hapo utapata mchoro mbaya wa kuyumbayumba.

Halafu kuna vipimo. Kuchanganya mikro na mili ni kosa la kijinga ambalo kila mtu hulifanya. Ninachofanya siku hizi ni kuacha kabisa kuandika nguvu za kumi: natumia volti, miliampea, kiloomu, mikrofaradi, henri na milisekunde kwa pamoja. Vipimo hivyo vinakubaliana vyenyewe: kΩ mara µF ni milisekunde, na henri gawanya kwa kΩ ni milisekunde pia. Namba zote zinakaa karibu na moja, na anayekosea mara elfu anajiona mwenyewe.

Dalili: hakuna kinacholipuka, ila jibu si sahihi

Hapa ndipo jioni nyingi zinapotelea. Tuseme mshale wa i2 ulichorwa ukitoka kwenye nodi, lakini wakati wa kuandika mlinganyo wa kapasita ukasomwa kama unaingia:

v′ = 2i1 + 2i2

Ditaminanti sasa ni (s + 2)(s + 1)². Mizizi ni −2, −1 na −1. Yote hasi. Jumla ya namba za mshazari wa A ni −4, ileile ya matriksi sahihi. Ukiitazama kwa kuangalia utulivu tu, utaipitisha. Kosa lile la kwanza lilipiga kelele, hili limekaa kimya, na yote mawili ni ishara moja iliyogeuka.

Jaribio la kwanza ni kuacha mambo yatulie. Weka u = 6 V na ufanye derivativu zote kuwa sifuri. Kwenye mchoro, indakta inakuwa waya na kapasita inakuwa waya uliokatwa, kwa hiyo mkondo ni 6/(2 + 4) = 1 A kwenye matawi yote mawili, na v = 4 V. Milinganyo sahihi inatoa hayohayo. Milinganyo yenye kosa inatoa i1 = −3 A, i2 = 3 A na v = 12 V. Volti 12 zilizotulia kutoka kwenye chanzo cha volti 6 na rezista mbili!

Jaribio hilo ni zuri lakini lina upofu wake: haligusi thamani za L na C hata kidogo. Ukikosea kuandika L2, litakuambia uko salama. Kwa hiyo naongeza la pili, la nishati, ambalo halihitaji kutatua chochote. Zidisha kila mstari wa A kwa kihifadhi chake: mstari wa i1 kwa L1, wa i2 kwa L2, wa v kwa C. Kwa mfano wetu inakuwa:

(−2, 0, −1)
(0, −4, 1)
(1, −1, 0)

Sasa soma jozi. Namba kati ya indakta na kapasita lazima ziwe sawa kwa ukubwa na kinyume kwa ishara: −1 na 1, kisha 1 na −1. Namba kati ya indakta mbili, au kapasita mbili, lazima zifanane kabisa. Mshazari haupaswi kuwa na chanya, na hapa umebeba rezista zenyewe, −R1 na −R2. Maana yake ni kwamba kinachotoka kwenye indakta ndicho kinachoingia kwenye kapasita, na mlaji pekee ni rezista. Mstari wenye kosa ungesomeka (1, 1, 0), na 1 ikikutana na 1 mahali palipotaka kinyume, mshale mbaya umejulikana. Kosa la L2 nalo linaonekana, kwa kuwa ukizidisha kwa thamani ya kwenye mchoro jozi zinapishana.

Jaribu pia kwenye saketi ya nodi N: mstari wa L una R1/(R1 + R2) mbele ya v, na mstari wa C una −R1/(R1 + R2) mbele ya i. Imepita.

Mipaka yake: vyanzo tegemezi vinavunja usawa huo kihalali, kwa hiyo usilitumie huko. Na pale derivativu zilipochanganyika, zidisha A kwa matriksi M nzima badala ya kihifadhi kimoja kimoja.

Dalili: matriksi yangu na ya mwenzangu hazifanani, na zote zinapita majaribio

Huenda hakuna kosa. Yeye amepanga v kwanza, au amegeuza mshale, au ametumia chaji q = C·v badala ya volteji. Linganisha vitu visivyojali uchaguzi huo: ditaminanti, ambayo kwetu ni s³ + 4s² + 7s + 6, na uwiano wa tokeo kwa ingizo, s ikikaa mahali pa derivativu. Vikilingana, nyote mko sahihi.

Dalili: matriksi ina hali tatu, uwiano wa tokeo kwa ingizo una mizizi miwili

Ukitafuta uwiano wa v kwa u kwenye mfano wetu, unapata 2/(s² + 2s + 3). Mzizi wa −2 umetoweka. Kabla hujafuta kila kitu, tazama R1/L1 na R2/L2: zote ni 2. Kuna mwendo mmoja ambamo i1 na i2 ni sawa na v ni sifuri. Mkondo unazunguka kitanzi cha nje, unapita indakta zote mbili na kufifia kwa kasi moja, na kapasita haipati hata tone. Anayepima v hawezi kuuona mwendo huo. Anayepima i2 anauona, kwa kuwa uwiano wake ni 1/((s + 2)(s² + 2s + 3)). Badilisha L2 iwe 3 H, na mzizi wa tatu utajitokeza kwenye v pia.